Walter Kaaden na Eksozi Yenye Tumbo

Mhariri alipotangaza safu hii ya watu mashuhuri waliokwisha kututoka, nilijua wenzangu watamchukua Mwalimu, Nkrumah, Lumumba na Mekatilili kabla mimi sijafungua mdomo. Na ndivyo ilivyokuwa. Basi mwana-uhandisi wa watu nimebaki na Mjerumani mmoja ambaye wengi wenu hamjamsikia, ingawa kama uliwahi kupakiwa nyuma ya pikipiki ya zamani, zile za kuchanganya oili kwenye petroli, umekwisha kufaidi kazi ya kichwa chake. Anaitwa Walter Kaaden. Kwa watu wa mbio za pikipiki jina hili ni kubwa mno, ila huku kwetu Chamani najua itabidi nimjengee heshima yake polepole.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Baba yangu mdogo alikuwa bwana shamba kule Kilosa, na alikuwa na Suzuki moja ndogo ya tustroki iliyompeleka vijiji vyote vya milimani. Eksozi ikaliwa na kutu. Mimi na rafiki yangu aliyekuwa akijifunza ufundi gereji tukajiona wajanja. Tukasema, kazi ya eksozi si kutoa moshi tu? Sasa kwa nini moshi uzungushwe kwenye dude refu lenye tumbo? Tukaikata, tukachomelea kipande cha bomba la maji, kimenyooka kama rula. Jamani, kelele! Kijiji kizima kilitoka nje. Kesho yake baba mdogo alifika kwenye mlima wa kwanza tu pikipiki ikagoma kupanda, akashuka, akasukuma. Nilichapwa, na nilistahili. Lakini hakuna aliyeniambia kwa nini bomba lililo wazi zaidi liliipunguzia injini nguvu. Nimekuja kulielewa jambo hilo huku Uingereza, ukubwani, na nilipolielewa ndipo nikakutana na Kaaden.

Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1919 huko Pobershau, kijiji cha milima ya Saksonia, mashariki mwa Ujerumani. Si mbali na hapo upo mji wa Zschopau, ambako kiwanda cha DKW kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya pikipiki duniani. Baba yake alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa kiwanda hicho, na mwaka 1927, mtoto akiwa bado mdogo, alipelekwa kushuhudia ufunguzi wa uwanja wa mbio wa Nürburgring. Inatosha kusema kwamba hapo ugonjwa ulimwingia. Alisomea ufundi Chemnitz, na mwaka 1940 akaajiriwa na kampuni ya ndege ya Henschel, karibu na Berlin.

Hapa siwezi kupita haraka, maana tukiwasifu watu lazima tuseme yote. Henschel walikuwa wakitengeneza Hs 293, bomu lenye mabawa lililorushwa kutoka kwenye ndege na kuongozwa kwa redio hadi kwenye meli, na Kaaden alifanya kazi katika kundi la mhandisi Herbert Wagner, baba wa silaha hiyo. Tarehe 26 Novemba 1943, kwenye pwani ya Algeria, bomu la aina hiyo liliizamisha meli ya Rohna iliyobeba askari, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Kaaden alikuwa kijana wa miaka 24, mhandisi mmoja kati ya wengi, katika nchi iliyotawaliwa na Hitler. Sisemi hayo kumtetea. Nasema tu kwamba maarifa yake ya kupima mambo yanayotokea kwa kasi isiyoonekana kwa jicho hayakuanzia kwenye pikipiki.

Vita vilipokwisha alirudi kwao. Saksonia ilikuwa mikononi mwa Warusi, na mitambo ya kiwanda cha Zschopau ilikuwa imefunguliwa na kusafirishwa kama fidia ya vita. Hata mchoro wa kipikipiki chao cha RT 125 uligeuka mali ya kila mtu: Waingereza wakauiga, Wamarekani wakauiga, Warusi wakauiga, baadaye hata Yamaha wakaanzia hapo hapo. Kiwanda kilichobaki kikajikongoja na mwishowe kikaitwa MZ. Kaaden akawa anaunda pikipiki ya mbio kwa mikono yake, na mwaka 1953 akakabidhiwa idara ya mbio ya kiwanda. Msifikirie idara kama za Ulaya ya leo. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na plagi au beringi nzuri zilikuwa za kuhangaikiwa. Wale wenzangu wanaojua maabara zetu za nyumbani wataelewa bila maelezo.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Injini ya tustroki haina vali juu kama injini ya gari la kawaida. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopanda na kushuka. Pistoni ikishuka hufungua kwanza tundu la moshi, halafu matundu ya kuingiza hewa mpya yenye petroli. Ikipanda hufunga matundu ya hewa mpya kwanza, na tundu la moshi linafungwa mwisho. Mmeona tatizo? Kuna kipindi tundu la moshi liko wazi na silinda imejaa hewa mpya. Hewa hiyo inatoka zake nje bila kuungua, na petroli yako inakwenda nayo.

Fikirieni daladala la Kariakoo saa kumi na moja jioni. Mlango ukifunguliwa, abiria wanaotoka kwa fujo wanavutana, na msukumo wao unaacha nafasi ndani ambayo wapya wanaijaza. Lakini wapya wakizidi wananing'inia mlangoni, wengine wanaanguka. Anayeokoa hali ni konda: anawasukuma ndani kwa bega, na papo hapo mlango unafungwa. Eksozi nzuri ya tustroki inafanya kazi zote mbili, ya kuvuta na ya konda, na haina hata kipande kimoja kinachosogea.

Inafanyaje? Tundu la moshi linapofunguka, wimbi la mgandamizo linakimbia ndani ya bomba kwa kasi ya sauti, ambayo kwenye gesi ya moto ni kama mita 500 kwa sekunde au zaidi. Likifika mahali bomba linapoanza kupanuka, linarudisha nyuma wimbi la kinyume chake, la kufyonza, na hilo ndilo linalovuta moshi wote na hata kiasi cha hewa mpya. Wimbi la kwanza linaendelea mpaka mahali bomba linapobanwa tena, linagonga kama wimbi la bahari linavyogonga ukuta wa Forodhani, linarudi likiwa bado na mgandamizo, na kuisukuma ile hewa mpya iliyotoroka irudi ndani sekunde ya mwisho kabla pistoni haijafunga tundu. Ndiyo maana eksozi ile ina umbo la chatu aliyemeza mbuzi: nyembamba, pana, nyembamba tena.

Na hesabu yake ni kali. Injini ikizunguka mara 10,800 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sehemu 5.6 za elfu ya sekunde, na tundu la moshi liko wazi kwa karibu nusu ya muda huo. Katika muda huo wimbi linaweza kukimbia kama mita 1.4 tu, kwenda na kurudi, yaani ukuta wa kuligonga usiwe mbali zaidi ya sentimita 70 hivi. Ukikosea urefu, konda anafika mlango ukiwa umekwisha kufungwa, au anafika mapema na kuwazuia hata wanaotaka kutoka. Sisi kule Kilosa tulimfukuza konda kabisa.

Kaaden hakuwa wa kwanza kufikiria eksozi ya namna hii, na ni haki kusema hivyo. Wajerumani wengine, akiwemo Erich Wolf, walikuwa wameshaijaribu. Vali ya diski inayozunguka, iliyoruhusu injini kuvuta hewa kwa muda unaofaa, aliipata kwa fundi mwenzake Daniel Zimmermann. Alichofanya Kaaden ni kuacha kubahatisha. Alichukua osiloskopu, kifaa cha watu wa umeme, akatazama mawimbi ya mgandamizo ndani ya eksozi yalivyo hasa, kisha akakata bati na kuchomelea, akapima, akakata tena. Akaongeza na tundu la tatu la kuingiza hewa mpya, ambalo pia lilipooza beringi ya juu iliyokuwa ikiungua. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, sawa na 200 kwa kila lita, bila mtambo wowote wa kuilazimishia hewa. Kwa kulinganisha, Toyota Vitz ya lita moja mliyoiacha nyumbani inatoa kama 70.

Mtu atauliza, na kama silinda ni mbili au tatu? Swali hili nililiuliza na mimi darasani, na jibu lake ndilo lililonifanya niwe mpenzi wa somo. Kwenye injini ya gari la kawaida tunakusanya mabomba yote kuwa moja na mambo yanakwenda. Kwenye tustroki ya mbio ukifanya hivyo na silinda mbili umejimaliza. Silinda ya pili inafungua tundu lake nusu mzunguko baada ya ya kwanza, wakati ya kwanza imeshafunga au inakaribia kufunga. Wimbi lake haliwezi kumsaidia jirani, linachafua tu yale mawimbi ambayo kila silinda ilikuwa imepangiwa. Kwa hiyo Kaaden alipounganisha injini mbili za cc 125 kupata cc 250, kila silinda aliipa diski yake na eksozi yake, kila moja na tumbo lake.

Silinda tatu ni habari nyingine, na inachekesha kidogo. Hapo kila silinda inafuata ya mbele yake kwa theluthi ya mzunguko. Kwenye injini ya barabarani ya mwendo wa wastani, mlipuko wa moshi wa silinda ya pili unafika kwenye tundu la ya kwanza wakati ule ule anapohitajika konda. Daladala la nyuma linashusha, na abiria wake wanawasukuma ndani wale wanaoning'inia kwenye daladala la mbele! DKW walijenga magari ya silinda tatu yenye bomba la pamoja namna hiyo, Saab wa Sweden pia, na Wartburg ya Ujerumani ya Mashariki ikaendelea nayo kwa miaka mingi. Wenye haraka ya mbio tu ndio waliolazimika kubeba eksozi moja kwa kila silinda.

Pikipiki hizo zilianza kushinda. Mwaka 1958 Horst Fügner aliipa MZ ushindi wa kwanza wa mbio za ubingwa wa dunia huko Sweden. Mwaka 1959 alikuja Gary Hocking, kijana aliyekulia Bulawayo, akaichukua ile ya silinda mbili na kushinda Sweden na Ulster. Waitaliano wa MV Agusta waliona, wakamnunua mara moja. Kaaden hakuwa na fedha za kumzuia.

Dereva wake mkubwa alikuwa Ernst Degner, ambaye mwenyewe alikuwa mhandisi. Tarehe 13 Agosti 1961 Berlin ikaanza kugawanywa kwa ukuta. Wiki chache baadaye, mwezi Septemba, Degner alikwenda Kristianstad, Sweden, akiongoza ubingwa wa cc 125. Injini ikafa mapema katika mbio hizo. Degner hakurudi Zschopau. Alivuka kwenda Denmark na kuingia Ujerumani ya Magharibi, ambako mkewe na watoto wawili wadogo walikuwa wamefikishwa kwa siri ndani ya buti ya gari, watoto wakiwa wamepewa dawa ya usingizi. Mpango wote ulikuwa umesukwa na Suzuki, ambao tustroki zao zilikuwa zimeaibika vibaya katika mbio za Ulaya. Ubingwa wa mwaka ule ulichukuliwa na Tom Phillis wa Honda. Degner alikwenda Japani na kila alichokijua kichwani, na inaelezwa pia na vipuri na michoro. Mwaka uliofuata, 1962, Suzuki wakiwa na Degner walishinda ubingwa wa dunia wa cc 50, ubingwa wa kwanza wa dunia kwa tustroki. Mtu aliyefanya iwezekane alisoma habari hiyo akiwa Zschopau.

Tuliwahi kubishana jambo hili jikoni tunakoishi mpaka saa nane za usiku, wali ukaungua. Mwenzetu mmoja kutoka Bujumbura alishikilia kwamba Degner ni mwizi, basi. Dada mmoja wa Mombasa akasema mtu aliyelipwa kidogo, anayepelelezwa, halafu anaona ukuta unajengwa mbele ya macho yake, haibi, anakimbia. Mimi niko katikati na naona aibu kuwa katikati. Namwelewa baba anayewalaza watoto wake kwa dawa ili wavuke mpaka. Lakini kulikuwa na njia ya kukimbia na familia yako bila kumvua mwenzako nguo. Kazi ile haikuwa ya Degner peke yake ya kuiuza. Ilikuwa ya Kaaden, na ya mafundi wachache waliokuwa wakichomelea bati usiku ambao hakuna aliyewaandalia buti ya gari.

Kaaden naye alikuwa amesafiri na timu Magharibi kabla ya ukuta, na kila mara alirudi. Ni jambo hili linalonisumbua mimi, ambaye kila nikipiga simu nyumbani swali la kwanza ni utarudi lini. Baada ya 1961 idara yake ikawa chini ya macho makali zaidi ya Stasi. Upande wa pili nao, nchi za NATO zikaanza kuwanyima Wajerumani wa Mashariki vibali vya kuingia, kwa hiyo madereva wake wakakosa mbio nyingi kwa sababu ya viza. Nikisoma hapo nilicheka peke yangu maktaba, kicheko cha mtu aliyewahi kupanga foleni ubalozini saa kumi na moja alfajiri. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka 1963 Mike Hailwood, bingwa wa Uingereza, alipanda MZ mara moja pale Sachsenring na kushinda mbio za cc 250 mbele ya watu wa nyumbani. Katika mashindano ya siku sita ya njia mbovu, timu ya Ujerumani ya Mashariki ilitwaa kombe mfululizo kuanzia 1963 mpaka 1967 kwa pikipiki za Zschopau. Lakini ubingwa wa dunia wa barabarani haukupata kuja MZ.

Ulikwenda Japani badala yake. Mwaka 1964 Yamaha walishinda cc 250, na mwaka 1975 tustroki ikachukua daraja la juu la cc 500 na kulishika hadi 2001. Silinda zikaongezeka mpaka nne, na tatizo la Kaaden likawa kubwa zaidi: utayaweka wapi matumbo manne? Yamaha TZ750 ya kwanza iliyabana mabomba bapa chini ya injini, yakapasuka. Mwaka 1984 Honda waligeuza pikipiki nzima, tangi la petroli chini na eksozi zote nne juu, mahali pa tangi. Dereva akawa kama amekalia jiko la mkaa, na mwaka uliofuata wakairudisha ilivyokuwa. Kampuni yenye fedha zote zile ilishindwa kumkwepa mzee wa Zschopau: kila silinda inataka bomba lake, na urefu hauna mjadala.

Degner alifariki mwaka 1983 kisiwani Tenerife, miaka mingi baada ya ajali ya mbio iliyomwunguza vibaya. Kona moja ya uwanja wa Suzuka, Japani, inaitwa jina lake hadi leo. Kaaden aliuona ukuta ukianguka mwaka 1989, na alifariki tarehe 3 Machi 1996, akiwa na miaka 76. Kiwanda cha MZ kiliyumba baada ya Ujerumani kuungana na baadaye kikafungwa.

Likizo iliyopita nilikwenda Kilosa. Suzuki ya baba mdogo bado ipo, imeegemea mwembe, na kuku wanaiatamia. Rafiki yangu yule sasa ana gereji yake. Nilimchorea koni mbili kwenye boksi la biskuti, tukapiga hesabu ya urefu kwa mizunguko ya injini ile ndogo, akakunja bati na kuchomelea vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Tulipoiwasha ilikuwa nzito chini, halafu ikashtuka na kuvuta ghafla ilipopata mwendo wake. Mlima iliupanda. Baba mdogo alitaka kujua kama bomba linaweza kurefushwa kidogo ili ianze kuvuta mapema, kabla ya kona ya mbuyu, na rafiki yangu akaenda kutafuta kipande kingine cha bati.